Nusu ya Joho

Kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote alikiona kwa Krina Traas kilikuwa vidole vyake. Havikutulia. Hata kanisani, wenzake walipokuwa wamefumbata mikono na kufumba macho, vidole vya Krina vilikuwa vikibana na kuachia, vikibana na kuachia, kana kwamba mbele ya magoti yake pametandazwa lesi inayongoja kupigwa pini. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kwa maji na wanga, na ncha zake zilikuwa na vitobo vidogo vidogo kama ganda la chungwa.

Ndivyo vinavyokuwa vidole vya mfua kofia, na kijijini Oostkerkdijk, kwenye kisiwa cha Waholanzi, hakukuwa na mfua kofia wa kushindana naye. Wanawake wa kisiwa kile walivaa kofia pana za kitambaa chembamba, zenye lesi ukingoni na ugumu wa wanga. Mtu hakuhitaji kumwuliza mwanamke ni wa dini gani. Kofia ya Mkatoliki ilikuwa na pembe, imesimama kama paa la nyumba. Ya Mprotestanti ilikuwa ya mviringo, kama kombe la pwani. Krina alikuwa Mkatoliki, lakini hata Waprotestanti walimletea zao.

"Wanga hauna dini, shoga," alizoea kusema jirani yake Leuntje Zandee, huku akitua kikapu chake mezani. Leuntje alikuwa Mprotestanti wa kufa na kuzikwa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko siki. "Ungekuwa na dini, ningekwenda na kofia chafu mpaka Siku ya Hukumu."

"Na ungehukumiwa kwa uchafu, si kwa imani," Krina alimjibu.

Kofia ya Krina mwenyewe haikuwa na lesi hata uzi mmoja. Ilikuwa ya kitambaa kizito, kavu, kofia ya mjane, na shingoni alivaa shanga nyeusi badala ya marijani nyekundu. Gharika ya mwaka hamsini na tatu ilipovunja boma la bahari, ukuta wa udongo uliozuia maji, mumewe Jannis alitoka kwenda kufungulia farasi wa jirani. Farasi walionekana asubuhi wamesimama juu ya boma, wamelowa, wako hai. Jannis hakuonekana, wala asubuhi ile wala baadaye.

Kwa desturi ya kijiji, mjane alikaa eda mwaka na zaidi kidogo tangu siku ya maziko, kisha Jumapili moja akaingia kanisani na kofia ya lesi, na kila mtu akajua. Hakuna aliyetangaza kitu, kofia ilisema. Lakini Krina hakuwa na siku ya maziko. Mwanzoni wanawake walimwambia angoje kidogo, huenda bahari ikamrudisha. Baadaye waliacha kumwambia. Miaka ikapita, na Krina akaendelea kusimamisha lesi za wanawake wengine huku yake ikiwa imelala kwenye sanduku darini.

* * *

Kila Alhamisi alasiri, Marinus Remijn aliingia kwa mlango wa nyuma na kofia ya marehemu mama yake imefungwa kwenye leso.

Marinus alikuwa mtunza kanisa. Aliwasha mishumaa, akapiga kengele, akawafundisha wavulana wa altare kumjibu padri kwa Kilatini. Ujanani alipelekwa seminari, lakini mapafu yalimsumbua akarudishwa nyumbani. Watu husema alirudi na vitu viwili, kikohozi na Kilatini, na kikohozi kikapona. Hakuoa. Alimtunza mama yake hadi yule mama alipofariki na kumwachia nyumba, kuku, na sanduku la kofia.

"Nguo za marehemu zisiachwe zikaota madoa," alimwambia Krina Alhamisi ya kwanza, masikio yakimwiva. "Nimeona ni heshima zifuliwe."

"Ni heshima kweli," Krina alisema, akaipokea.

Juma la pili alileta nyingine, na la tatu nyingine, mpaka sanduku likaisha, kisha akaanza upya. Krina alilijua hilo tangu mwanzo wa mzunguko wa pili. Kofia iliyovaliwa huwa na habari zake: jasho kidogo kwenye paji, kutu ya pini, unywele mmoja. Kofia za Marinus hazikuwa na habari yoyote. Zilirudi zimefinyangwa finyangwa kwa mikono, na mara moja ilirudi na manyoya ya kuku, kwa kuwa mtu alikuwa amejitahidi sana kuichafua.

Alizifua, akazitia buluu ya kung'arisha na wanga, akazitandaza ubaoni. Na siku za Alhamisi alianza kununua mikate ya mdalasini, ile ya kuzungushwa kama konokono, yenye sukari inayoganda kwenye vidole.

Walikaa jikoni wakingoja wanga upoe, na Marinus akamwambia maneno. Hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa nayo. Alimwambia kwamba neno lao la ukuta liliachwa na askari wa Roma, na la dirisha pia, na la jibini, na la ghala la chini ya nyumba. Krina alicheka.

"Kwa hiyo babu zetu walikaa wapi kabla ya Warumi? Nje, bila jibini?"

"Walikaa," alisema Marinus, akifikiri kwa dhati kama alivyofikiri kila kitu. "Ila labda kulikuwa na upepo."

Mwaka ule misa ilianza kusomwa kwa Kiholanzi badala ya Kilatini. Padri alisimama akiwaelekea waumini, na wavulana hawakuhitaji tena kujifunza majibu ya zamani. Marinus hakulalamika. Alikusanya vile vitabu vyembamba vya wavulana, akavifuta vumbi, akavipanga kabatini. Lakini Alhamisi iliyofuata alikaa jikoni kwa Krina muda mrefu bila kugusa mkate wake.

"Unajua," Krina alisema, akikoroga wanga, "leo wateja wangu wawili wameniambia hawatarudi. Wamekata nywele. Wananunua kofia za dukani, za sufu, za kuvuta masikioni."

"Ndiyo?"

"Basi tuko wawili, Marinus. Wewe na Kilatini chako, mimi na wanga wangu."

Alisema kwa utani, ila yule mtu alimtazama kana kwamba amepewa maji ya kunywa.

"Sijawahi kukwambia kuhusu kofia," alisema. "Nimekwambia ukuta na jibini, nikaliacha neno lako mwenyewe."

"Niambie."

"Tunaiita kap. Warumi walisema cappa. Halikuwa jina la kofia tu. Lilikuwa joho, joho la kujifunika mwili na kichwa." Akanyoosha kidole upande wa kanisa lao, lililoitwa kwa jina la Mtakatifu Martino, ambaye sanamu yake ilisimama pembeni mwa altare, upanga mkononi. "Joho la Martino liliitwa hivyo. Alipomkuta maskini anatetemeka kwa baridi langoni, alilikata katikati, nusu akampa. Nusu iliyobaki, Martino alipokufa, wafalme waliitunza. Waliiita cappella, joho dogo. Chumba walichoiweka kikaitwa kwa jina hilohilo, na mpaka leo kanisa dogo tunaliita kapel. Kwa hiyo, Krina, kofia unayofua wewe na nyumba ninayoifagia mimi ni watoto wa mama mmoja."

Aliona haya kwa maneno mengi. Krina alikuwa ameacha kukoroga.

"Na ile nusu nyingine?" aliuliza.

"Nusu ipi?"

"Ya maskini. Iliwekwa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa kwa sababu ilivaliwa," Krina alisema polepole. "Mtu aliivaa mpaka ikaisha."

Wanga ulikuwa umeganda sufuriani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Krina kuuharibu, na ilimbidi apike mwingine.

* * *

Kofia za mama yake Marinus hazikuumbwa kwa kufuliwa kila mwezi bila kuvaliwa. Zilianza kuchoka, moja baada ya nyingine. Kitambaa kiliachia, lesi ikakatika. Krina alitia viraka mpaka viraka vikazidi kofia. Mwishowe ilibaki moja, na hiyo nayo ilichanika mikononi mwake kama karatasi iliyolowa.

"Samahani, Marinus," alimwambia, na alimaanisha. Aliona uso wake umeanguka, akajua si kwa ajili ya kitambaa.

Alhamisi iliyofuata, Krina alinunua mikate ya mdalasini kama kawaida, ingawa alijiambia hakuna sababu. Mlango wa nyuma ukagongwa. Marinus aliingia na leso.

"Nilisahau moja," alisema. "Ilikuwa chini kabisa."

Krina aliifungua. Ilikuwa kofia kuukuu, safi, haina wanga, imekunjwa bapa kama leso yenyewe. Kofia isiyo na wanga haina umbo. Kwa macho ya mwanamume ni kitambaa tu. Aliichovya, akaitia buluu, akaikamua kidogo, akaanza kuitandaza ubaoni. Vidole vyake vilitafuta pembe. Pembe haikuwepo. Vilizunguka ukingoni, vikazunguka tena, na kila vilipopita lesi ilijikunja kuelekea umbo lake la asili, la mviringo, mviringo mzuri wa kombe la pwani.

Aliinua macho. Marinus alikuwa anautazama mkate.

"Marinus."

"Naam."

"Mama yako huko aliko amebadili dini?"

Marinus alielewa kidogo kidogo, kama mtu anayesikia maji yakipanda ngazini. Kwanza masikio yaliiva, kisha shingo, kisha uso mzima.

"Niliinunua sokoni Goes," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee mmoja alikuwa nazo kwenye boksi, pamoja na vijiko. Sikujua kama… zikiwa zimelala zinafanana."

Hapo ndipo Leuntje Zandee alipoingia na kikapu chake bila kubisha, kama ilivyokuwa desturi yake. Alitupa jicho ubaoni, akasimama.

"Ee Bwana, hii si ya shangazi Dina?" alisema. "Naijua hiyo lesi, mimi mwenyewe niliishona pale ilipoungua na pasi. Tuliiuza pamoja na vyombo alipofariki. Imefikaje hapa?" Akamtazama mtunza kanisa wa Kikatoliki, aliyekuwa mwekundu kama figili, kisha akamtazama Krina, kisha mikate. "Haya basi. Nimesahau sabuni. Ninakwenda kutafuta sabuni, na sitarudi upesi." Akatoka, na walimsikia akicheka mpaka langoni.

Marinus aliusogeza mkate kando.

"Kofia za mama zimekwisha," Marinus alisema. "Ningekuja na nini?"

"Ungekuja na miguu," alisema Krina.

Marinus alivua kofia yake mwenyewe, akaishika magotini kwa mikono miwili, akazungumza kama mtu aliyejifunza majibu yake kwa moyo.

"Jumapili ya Mtakatifu Martino, baada ya misa, ningependa tutoke kanisani pamoja. Kwa mlango mkubwa, watu wakituona. Twende tukanywe kahawa kwa dada yangu. Lakini siwezi kukuchukua ukiwa umevaa ya msiba. Jannis alikuwa rafiki yangu. Itakuwa kumpita mlangoni bila salamu. Kwa hiyo sikuombi jibu. Ukija na lesi, nitajua. Ukija na hii ya siku zote, nitajua pia, wala sitakuuliza, na Alhamisi nitakuja kama kawaida."

"Na kofia gani?"

"Nitaanza kuvaa mwenyewe."

Krina alicheka mpaka ikambidi afute macho kwa mkono wenye buluu, na alama ya buluu ilibaki shavuni. Marinus aliiona. Aliibeba moyoni hadi nyumbani.

* * *

Sanduku lilikuwa darini, mahali ambapo maji ya gharika hayakufika. Krina alipanda huko Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, akajiambia anakwenda kuangalia nondo tu.

Kofia ya lesi ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya buluu isigeuke rangi. Aliivaa siku ya harusi, na mara ya mwisho aliivaa Jumapili ya mwisho kabla bahari haijavuka boma. Siku ile Jannis alimwambia imekaa upande, naye akamwambia jicho lake ndilo limekaa upande. Aliibeba ikiwa juu ya viganja viwili, akashuka nayo.

Leuntje alikuwa tayari jikoni, amekaa, amejimiminia kahawa.

"Sikuja kuuliza," alisema.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kungoja usimulie."

Krina aliiweka kofia mezani baina yao. Ilikuwa imefifia, rangi ya maziwa yaliyolala.

"Mwaka wa eda unahesabiwa tangu siku ya maziko," alisema. "Mimi nihesabu tangu lini, Leuntje? Nikiivaa hii, ni kama nimemzika mwenyewe, kwa mikono yangu, bila padri, bila jeneza. Nani alinipa ruhusa?"

Leuntje alizungusha kikombe. Yeye naye alipoteza watu katika maji yale, ingawa alipata pa kuwawekea maua. Aliposema, ulimi wake haukuwa na siki.

"Mimi sijui mambo ya watakatifu wenu. Lakini Jannis alikwenda kufungulia farasi wasio wake. Mtu wa namna hiyo, unadhani angependa uwe umefungwa?"

Krina alitazama lesi. Aliwazia joho lile, nusu iliyofungiwa chumbani na wafalme wakaililia na kuipa jina, na nusu iliyokwenda zake mtaani juu ya mgongo wa mtu, ikalowa, ikachanika, ikampa mtu joto mpaka mwisho. Zilikuwa nguo moja. Hakuna aliyesema iliyotunzwa ilipendwa zaidi.

Alisimama, akaweka maji motoni.

"Nipishe meza," alisema. "Kama una muda, chagua pini zisizo na kutu."

"Mimi? Pini za kofia ya Kikatoliki?"

"Pini hazina dini, shoga."

Walifanya kazi mpaka taa za barabarani zikawashwa. Sabuni ilitoa rangi ya maziwa, jua kidogo la alasiri likatoa iliyobaki, buluu ikaleta weupe. Kisha wanga, mwembamba, mara mbili. Kisha pini, moja kwa kila tundu la lesi, na safari hii vidole vya Krina havikuwa vikibana hewa. Pembe ziliinuka. Hewa ya Novemba ilikuwa nzito kwa ukungu, na wanga ulikauka kwa kusuasua. Ilibidi wasogeze ubao karibu na jiko, wauondoe, wausogeze tena.

"Ikianguka kesho, nitasema ni ishara," alisema Krina.

"Ikianguka kesho, nitasema ni Novemba," alisema Leuntje.

* * *

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Haikuwa kubwa, ilikuwa manyunyu ya kisiwa, yale yasiyoanguka bali yanayoning'inia hewani yakitafuta mahali pa kukaa. Hakuna adui mkubwa zaidi wa kofia ya wanga. Mwanamke mwenye akili, siku kama ile, huvaa kofia yake mbovu na kuiacha nzuri nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Krina alisimama dirishani, amekwisha kuvaa. Marijani nyekundu zilikuwa nzito shingoni, baridi, kisha zikaanza kupata joto lake. Kofia ilikuwa kichwani, imesimama, nyeupe. Ile ya mjane ilikuwa mezani, kavu, tayari, nayo isingeogopa maji. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya uwanja tu, lakini kofia ya lesi ingefika imelala kama jani la kabichi lililochemshwa. Alinyoosha mkono kuelekea ile ya mezani.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ilikuwa Leuntje, amevaa nguo zake nyeusi za ibada, ameshika mwavuli mkubwa wa marehemu baba yake, ule ambao kondoo wawili wangeweza kulala chini yake.

"Ibada yetu haijaanza," alisema. "Toka upesi, kabla shemasi wetu hajapita."

Walivuka uwanja kwa mwendo wa bata, bega kwa bega, kofia ya mviringo na kofia ya pembe chini ya mwavuli mmoja. Watu waliokuwa wakikimbilia kanisani walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja alimgusa mumewe kiwiko. Krina aliwaona wote, akaangalia mbele. Juu yao kengele ilikuwa ikilia, kubwa na nzito, kengele ya sikukuu.

Leuntje alifika naye hadi kizingitini. Maishani mwake hakuwahi kukaribia mlango ule kiasi kile.

"Hapa ndipo mwisho wangu," alinong'ona. "Kofia imekaa sawa?"

"Niambie wewe."

Leuntje aliinua mkono, akasukuma pembe moja kidogo sana kwa kidole. "Ilikuwa upande. Sasa imekaa."

Krina akaingia chini ya mnara. Kamba ya kengele ilishuka pale pale ukumbini, na Marinus alikuwa amempa mgongo, amevaa koti lake jeusi la sikukuu, mikono juu, akivuta na kuachia, akivuta na kuachia. Kengele kubwa haikatizwi. Hupunguzwa pole pole, ikatulizwa, mpaka ulimi wake usimame wenyewe. Mtunza kanisa hageuki kabla ya hapo. Krina alilijua hilo, naye hakumwita. Alisimama nyuma yake pamoja na harufu ya mvua, na vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuvitazama, vilikuwa vimetulia.

Nje, chini ya mwavuli, Leuntje alikuwa amerefusha shingo. "Sogea kidogo," alinong'ona, "nami nimwone uso."

Kamba ilipanda, ikashuka. Ikapanda nusu. Kengele ikagonga, ikakawia, ikagonga tena kwa sauti ndogo, na mabega ya Marinus yakaanza kushuka.